Uzinduzi wa Sakafu ya Kugongea Miguu, Kanisa la Glen Ruari

Mheshimiwa Padre MacIsaac, mwenye kanisa hili. Waheshimiwa madiwani wenzangu mliokuja na msiokuja. Bibi Effie Gillis, mpiga fidla wetu, mama wa tamasha, ambaye naomba ashushe upinde kwanza maana bado sijaanza. Akina mama wa chai na mikate ya oti. Nanyi wageni mlioacha theluji ikizika magari yenu hapo nje: itifaki imezingatiwa, na kama haikuzingatiwa, naizingatia sasa hivi! (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Fupisha, Lachie, chai inapoa!")

Mimi, Lachlan Beaton, diwani wenu, mwenyekiti wa kamati ya jengo hili, makamu mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, na katibu wake, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani. Mtakumbuka kwamba majira ya baridi yaliyopita, nikiwa nimeketi benchi la mbele, Bibi Effie alianza kupiga, nanyi kama ilivyo ada yenu mkaanza kugonga miguu, sakafu ikadunda, benchi likanirusha juu, chai ikanimwagikia suruali. Nami, kwa uongozi uliotukuka, nikapiga marufuku miguu yote ndani ya jengo hili la kihistoria hadi sakafu itakapoimarishwa. (Miguno. Bibi Effie: "Mwaka mzima, Lachie! Mwaka mzima watu wamenikalia hapa kama wako matangani!") Nakusikia, Bibi. Najua kwamba kwetu hapa kisiwani Cape Breton fidla bila miguu si fidla. Najua pia umeapa kwamba leo wasipogonga, unaifungia sandukuni na huitoi tena. (Mtu anapenga kamasi.) Ndiyo maana halmashauri yenu sikivu haikulala!

Kupitia Mpango Mkakati Shirikishi wa Uimarishaji wa Miundombinu ya Chini ya Nyayo, tulifanya upembuzi yakinifu, tukaupembua upembuzi wenyewe, tukaenda mjini Halifax kwenye warsha ya kujengeana uwezo kuhusu mbao, tukarudi tukiwa tumejengeka hasa. Na leo natangaza bila kumung'unya maneno kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nane, na marufuku nimeifuta! (Vifijo. Kofia za sufu zinarushwa. Mzee Sandy Rankin: "Jana nilikuwa chini ya sakafu hii namtafuta paka. Sikuona hata msumari mpya!") Mzee Sandy, msumari wa kisasa hauonekani kwa macho. (Vicheko.)

Naona Bibi ameshaiweka fidla begani. Bibi, zimebaki kurasa chache tu, nilikuwa naingia kwenye historia yangu binafsi... (Fidla inaanza. Kisigino kimoja, kisha kingine, kisha kanisa zima.) Naam! Hayo ndiyo matunda ya... taratibu kidogo, ndugu wananchi! Ninyi wa nyuma, taratibu! Benchi linatembea! (Flora, mke wa Mzee Sandy: "Si umesema imeimarishwa? Njoo ucheze!") Nimesema, Flora, lakini niachie mkono, mimi ni mtu wa itifaki... (Mheshimiwa diwani anazungushwa. Tai imehamia mgongoni.) Miguu oyee! (Oyee!) Sakafu oyee! (Oyee!) Mungu wangu, mbao zinapanda na kushuka! Padre, nawe unagonga?

Basi, kabla sijakata roho, niseme ahsante. Nawashukuru wataalamu, ambao hatukuwahi kuwaajiri. Namshukuru mkandarasi, ambaye hatujamtafuta. Naishukuru warsha, chakula kilikuwa kizuri. Na kuliko wote nawashukuru babu zenu walioipigilia sakafu hii wakaiacha idunde makusudi, maana nadunda juu yake sasa hivi, nzima nami mzima, na raha ninayoipata sijawahi kuipata kwenye kikao chochote! Mradi hakuna, jamani! Haujawahi kuwepo! Bibi Effie, nakuomba, usiache!

(Haachi.)