Turudishieni Matope Kabla ya Jumamosi

Mbaluka Ndolo,
Juu ya Pikapu,
Nyumba ya Mwisho,
Kitengela.

Kwa Bwana Wakhungu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Barabara ya Wakazi.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: KUHARIBIWA KWA BARABARA YETU KWA KUITENGENEZA

Pokea salamu kutoka huku juu. Natumai wewe na mama watoto mko salama, na viatu vyako vya ofisi bado vinang'aa, kwa sababu hivyo viatu ni sehemu ya malalamiko yangu.

Najua umeniona asubuhi ukienda kazini, nikiwa ndani ya hema langu juu ya pikapu, ukajiuliza ni kwa nini sijashuka tangu Jumapili. Usihangaike kuuliza majirani. Hii ni kambi ya amani. Nimesimama mbele ya lango letu kupinga kazi iliyofanywa na kamati yako, na gari hii haisongi hapa hata futi moja mpaka nisikizwe.

Kwanza wacha nikujulishe gari vizuri, maana kwa mkutano uliiita "hilo dude". Ni pikapu ya baba yangu, Mzee Ndolo wa Kimana, yule analima nyanya na vitunguu halafu mimi nauza hapa soko ya Kitengela. Mwaka jana alinipatia nipeleke ibadilishwe breki. Nilipofika kwa Gakuru, fundi wa kuchomelea, nilikuta msafara wa watu wa Nairobi umepaki hapo ukielekea Amboseli, mahema yamekaa juu ya magari kama kofia. Watu wameacha vitanda vyao kwa nyumba ndio waende walale juu ya gari, na wanacheka kabisa. Nikamwambia Gakuru, mimi nataka hiyo. Akaniuliza, "Na breki?" Nikamwambia breki ni ya mtu anayetaka kusimama.

Leo hiyo pikapu iko na hema la kukunjua na ngazi yake. Iko na bampa ya chuma, na magurudumu yenye meno kama ya mamba. Iko na bomba la kupumua linalopanda kando ya kioo mpaka juu ya paa, ndio injini isinywe maji tukivuka mto. Mto hatujavuka bado, lakini bomba liko tayari. Mbele iko na winchi, ile mashine ya waya ya kujivuta ukikwama. Na nyuma, pahali kreti za nyanya zilikuwa zinakaa, unavuta droo na jikoni inatoka nzima: meko ya gesi, ubao wa kukatia mboga za sukuma, na sinki. Sinki, Bwana Mwenyekiti. Ukifungua mfereji maji inatoka. Kwa hizo ghorofa zenu, mara ya mwisho mliona hiyo kitu ni lini?

Sasa niingie kwa malalamiko. Mimi niliachia shule Form Two, lakini nambari niliziacha nikizijua, kwa hivyo nimezitumia ndio ukijibu usiruke yoyote.

1. Mlitengeneza barabara bila kumuuliza mtumiaji. Mvua ikinyesha, huo udongo mweusi wetu ulikuwa unashika gari kama ugali inashika sufuria. Nyinyi wote mlikuwa mnaacha magari huko lami mnakuja kwa mguu. Nani alikuwa anapita? Ni mimi. Kwa hivyo barabara ilikuwa yangu kwa matumizi. Nakumbuka kwa ule mkutano Mama Immaculate, mweka hazina wenu, alisimama akaniuliza mbele ya watu, "Na wewe Mbaluka, mchango utaleta lini?" Nikamjibu kwa heshima, "Mama, barabara ni ya watu wa magari. Mimi niko na mashine." Watu walicheka, hata wewe ulicheka, nilikuona. Murram yenu, huo udongo mwekundu wa changarawe, ndiyo hiyo sasa, imekuja imekuja ikaishia kwa ukuta wa jirani Ochola, kabla tu ya lango letu. Hilo silalamikii. Hicho kipande cha udongo mweusi kilichobaki mbele yetu ndicho cha asili pekee katika mtaa huu, na mimi ndiye nakilinda.

2. Mliniondolea cheo. Msimu wa mvua, kwa grupu ya simu ya mtaa, jina langu lilikuwa linaitwa kuliko la pasta. "Injinia uko wapi?" "Injinia, nimezama karibu na kwa Nzisa." "Injinia wangu, fanya haraka, mtoto ako na mtihani." Huyo wa mwisho ni wewe, na ujumbe bado ninao. Ochola, na kale kagari kake kekundu kama kiberiti, nilimvuta mara nyingi mpaka tukazoeana kama mtu na ng'ombe wake. Siku ile greda ilimaliza kazi, huyo huyo Ochola alinipigia honi nyuma akatoa kichwa kwa dirisha: "Kijana, toa hiyo nyumba kwa barabara." Kijana. Kutoka Injinia mpaka kijana, na katikati hapo ni murram tu.

3. Mliua biashara ya mama wa watu. Mnamjua Nzisa wa kibanda cha pale lami. Miaka yote mlikuwa mnamwachia gumboots zenu za matope asubuhi, mnavaa viatu vya ofisi, jioni mnarudi mnabadilisha. Alikuwa anazipanga kwa ukuta, na kila mtu zake anazijua. Hapo ndipo tulijua nani ni nani. Mkubwa wa ofisi, mwalimu, mtu wa mjengo, wote mlikuwa mnasimama kwa mguu mmoja mkishikana mabega ndio msianguke. Tulipendana. Siku hizi kila mtu anapita na vioo vya gari juu, hata salamu hakuna. Hizo gumboots bado ziko pale kwa ukuta, na Nzisa ananiambia zinamwangalia kama mayatima.

4. Mti. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Ili greda ipate nafasi, mlikata ule mgunga wa kona. Mimi sio mtu wa kulilia miti. Lakini winchi, Bwana Mwenyekiti, ukitaka ikuvute lazima waya ufungwe kwa kitu kilichosimama, na hii Kitengela yetu ni uwanda, imejaa nyasi, ukuta na plastiki. Huo ndio mti pekee tulikuwa nao. Kila gari niliyowahi kuokoa mtaa huu, pamoja na yako, niliiokoa nikiwa nimejifunga kwa huo mgunga. Mmeninyang'anya matope, halafu mkaninyang'anya na kitu cha kunitoa kwa matope.

5. Mnaniambia niende porini. Huu ndio ushauri wenu wa kila siku: "Si uende Kajiado huko, kuna pori mingi." Nilienda. Niliendesha mpaka mbele ya Kajiado mjini, nikapata uwanja mzuri, nyasi imesimama, hakuna mtu, hakuna nyumba. Nikakunjua hema, nikapika ndengu, nikaosha sufuria kwa sinki yangu, nikalala nikijisikia mtalii. Asubuhi ngazi ilitikiswa. Chini kulikuwa na kijana wa rika langu anaitwa Parsaloi, ako na fimbo na shuka, na ndama wamesimama nyuma yake kama wanafunzi wamekosa darasa. "Supa," akanisalimia Kimaasai. Nikajibu, "Epa." Akazunguka pikapu yote polepole, akaangalia bomba, akaangalia sinki, akafungua mfereji akafunga, halafu akaniuliza, "Hii gari ni ya kulala ama ni ya kwenda?" Nikamwambia ni ya zote mbili. Akasema, "Basi sasa ni wakati wa kwenda. Umelalia olopololi yetu." Kumbe hiyo nyasi hufungiwa, hakuna ng'ombe mkubwa anaikanyaga, inatunziwa ndama wakati wa kiangazi. Nilichelewa kukunja hema na ndama mmoja akala kamba zake.

Hapo ndipo nilielewa, na ningetaka kamati nayo ielewe. Huku Kajiado kila nyasi iko na mwenyewe. Palipo wazi ni pa boma fulani, na pasipo pa boma ni ploti imeshauzwa, mara nyingine kwa watu wawili. Katika kaunti hii yote, mahali pamoja tu palikuwa pori la kweli, palipoachwa na serikali, na diwani, na nyinyi wenyewe, bila mtu kusema ni pake. Palikuwa ni barabara yetu. Na hapo pia mkaleta greda.

6. Baba. Hii nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inaniuma. Baba alipoiona gari kwa mara ya kwanza alisema, "Mbaluka, nilikupea gari ukaweke breki. Umerudi na nyumba." Nilijitetea kwa kitu kimoja tu: matope. Nikamwambia, "Baba, bila hii winchi na haya magurudumu nyanya zako hazitawahi kufika kwetu." Na aliniamini, kwa sababu alikuja wakati wa mvua akaona na macho yake. Kiatu chake kimoja cha kanisa kiko chini ya hiyo murram yenu mpaka leo. Akarudi Kimana akanung'unika, lakini gari akaniachia.

Halafu wewe, Bwana Wakhungu, mtu mzima, ukamtumia picha. Barabara nyekundu, imenyooka, jua limetoka, na chini ukaandika, "Mzee, karibu sasa, hata baiskeli inapita." Alinipigia saa hiyo hiyo. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema nyanya zimeiva, anakuja Jumamosi na mbao za bodi, misumari na nyundo. Hema linashuka, jikoni inatoka, kreti zinarudi. Akauliza, "Na hiyo bomba ya kando, inatoa maji ya nyumba gani?" Jibu langu lilikuwa matope, na matope mmeyafunika.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na nimejaribu kuwa mtu wa kiasi. Kwanza, kabla ya Jumamosi, kamati ikodishe lori la maji na kukwangua murram angalau kutoka kwa Nzisa mpaka kwa Ochola. Ikishindikana, mtangaze kipande kimoja kuwa hifadhi ya matope ya wakazi, kiwekewe waya na bango, ili watoto wetu wasije wakakua wakidhani Kitengela ilizaliwa na barabara. Watu wa Nairobi watakuja. Wale hulipa kwenda mbali kutafuta shida, na shida yetu iko karibu na lami. Mimi nitakuwa askari wa hifadhi, hema ninalo. Tena mkumbuke uchaguzi hauko mbali. Diwani akija akute barabara iko sawa, atatuahidi nini? Mmemnyima maskini kazi, na mkimnyima kazi atatuletea kitu kingine ambacho hatujakizoea.

Nisikuchoshe. Nisalimie kamati yote, Mama Immaculate na kitabu chake cha michango, Nzisa, watoto wako na hasa yule wa mtihani, na mwenye greda, ambaye sina ubaya naye kwa sababu alitumwa. Ochola pia msalimie, lakini polepole.

Ni mimi, mkazi wako asiyehitaji barabara,

Mbaluka Ndolo
(Injinia)

N.B. Baada ya kusoma tena nimeona kuna jambo dogo nimesahau. Hii kambi ya amani sikuipanga. Jumapili wakati wa ile mvua nilikuwa natoka soko, na murram yenu ni laini sana, gari ikashika mbio, na mambo ya breki nimeshakueleza. Nilipita ukuta wa Ochola nikaingia kwa kile kipande chetu cha asili, na magurudumu yenye meno yakauma chini mpaka bampa ikalala. Winchi ilikuwa sawa, ni mti hakuna. Nikafunga waya kwa lile bango lenu la "Barabara Hii Imejengwa na Wakazi". Bango ndilo lilikuja. Liko hapa, halijavunjika, nalitumia kukinga meko na upepo. Halafu taa za hema zikamaliza betri, na kushuka siwezi kwa sababu ngazi imezama kwa matope vipandio vitatu na gumboots zangu ziko kwa Nzisa.

Kwa hivyo, huku mkiendelea kufikiria malalamiko yangu, naomba ile greda ipite hapa mara moja kabla ya Jumamosi, na kama kuna murram ilibaki, mmwage mbele ya lango letu. Mchango nitatoa, mwambie Mama Immaculate. Ochola amejitolea kunivuta na kale kagari. Mkatazeni, tafadhali. Na baba akifika kabla ya greda, mwambieni niko Kajiado porini, na asiangalie juu.