Sebule Yangu Imevishwa Mpira kwa Ajili ya Mbwa

Kwa Mwalimu wa Mbio za Vikwazo,
Chama cha Wafuga Mbwa.

YAH: KUOMBA SAKAFU YANGU IFUNULIWE

Ndugu Mwalimu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanafunzi wako wote, wa miguu miwili na wa minne. Mimi ni baba wa yule binti anayekuja kwako kila Jumamosi na mbwa wa kahawia, Kishindo. Kwa kazi ni fundi vigae, mwaka wa thelathini na moja sasa, na sijawahi kuandika barua ya malalamiko. Kwa kawaida mimi ndiye huandikiwa.

Mvua zilipoanza na uwanja wenu ukawa tope, uliwaambia wanafunzi wafanyie mazoezi ndani. Binti akahamishia sebuleni kwangu viunzi vya kuruka, fito za kuzunguka na lile bomba la kitambaa la mbwa kupenya. Mimi nikawapisha. Siku uliyokuja kutukagua niliamka mapema, nikaipaka sakafu nta mara mbili, nikaisugua mpaka taa ya dari ikaonekana chini. Kwetu mafundi hiyo ndiyo heshima ya mgeni. Kishindo akaruka kiunzi cha kwanza, akatua, na hakusimama mpaka chini ya kabati la vyombo. Ulimpapasa miguu yote minne, ukamshukuru Mungu, kisha ukaniangalia mimi. Kesho yake ukaleta mpira mweusi, sebule ikafunikwa ukuta hadi ukuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vigae vile nilivipanga kwa mikono yangu, siku kumi na moja nikipiga magoti, mwaka tuliohamia. Weka gololi popote, haiendi kokote. Kila mteja wangu huletwa pale kwanza aone kazi. Juzi nimemleta mmoja, akautazama mpira, akaniuliza kama nimeacha ufundi nikafungua ukumbi wa mazoezi. Niliona haya, Mwalimu, naapa.

2. Usijesema napinga usalama. Nilikunja mpira upande mmoja nikatandika zulia, mbwa akaondoka nalo pamoja na meza ya chai. Nikaleta sponji la kulalia; kucha zikalinyofoa vipande vipande. Nikanunua soksi za mtoto jozi mbili. Akala tatu, ya nne hatujaiona mpaka leo. Mke wangu, niliyemtegemea awe upande wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye mpira.

3. Binti ananifundisha kazi yangu. Eti sakafu ya mbwa anayeruka lazima ishike mguu, ibonyee kidogo ili kuokoa mabega na viungo, na isisogee hata kidogo. Eti nijaribu mwenyewe kukimbia na soksi halafu nikate kona. Mimi, mtu mzima na kitambi changu, nimejaribu. Sikuteleza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

4. Mpira unakula sauti. Zamani nikiingia na viatu vyangu vya ngozi nyumba nzima inajua baba karudi. Siku hizi naingia hakuna hata anayegeuka.

5. Hili sasa ndilo zito. Mama yangu mzazi, ana miaka sabini na tisa, anaishi nasi, na mlango wake unafungukia sebuleni. Miaka mitatu alikuwa ametulia chumbani, chakula anapelekewa, tukasema basi, ni umri. Tangu mpira utandikwe, katoka! Asubuhi yupo sebuleni, fimbo kaiacha mlangoni, anazunguka fito nyuma ya mbwa. Rimoti kaishika yeye. Kiti changu kakikalia. Ananiita jina langu la utotoni mbele ya wateja. Nyumba imepinduliwa, Mwalimu, na chanzo ni mpira wako.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ndani ya siku saba: mpira uondolewe, chama chako kitangaze rasmi kwamba mbwa muungwana hutembea polepole ndani ya nyumba za watu, na Kishindo aliombe radhi kabati la vyombo, kwa njia atakayoona inafaa. Mkikaidi, nitakuja uwanjani kwenu na saruji yangu niutie vigae uwanja mzima. Na nta juu yake.

Nisalimie wanachama wote, mlinzi wa geti, na yule mbwa mdogo mweupe anayeogopa bomba. Mwambie hata mimi naliogopa.

Wako katika kung'arisha,
Baba Kishindo (ndivyo mtaa unavyoniita sasa, bila idhini yangu),
Fundi Vigae.

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha nilimuuliza Mama, kwa utani tu, ni nini kilichomtoa chumbani baada ya miaka mitatu. Akasema ni kwamba vigae havipo. Kumbe aliteleza siku moja, hakumwambia mtu, akaamua kubaki ndani. Alikuwa akinisikia nikijisifu kwa wateja, hakutaka kunivunja moyo. Nimechukua futi kamba yangu, Mwalimu. Zile siku saba zisahau, tafadhali. Kutoka mpira unapoishia hadi chooni, kwenye korido ya vigae ambako bado anapita ameshika ukuta, ni mita tisa na nusu, upana mita moja na robo. Nimepima mara mbili. Niambie tu mpira ule mliupata wapi. Nitautandika mwenyewe. Vile vigae nilivipigia magoti siku kumi na moja. Hii ni kazi ya alasiri moja.