Ukucha Mmoja Tu

Jumatatu, 3 Machi
Injini iliyokufa nikiigusa tu, inafufuka na kuomba radhi kwa usumbufu. Leo Mjomba, mwenye gereji, ameliona hilo (kachelewa). Kanikabidhi pikapu ya mikate ya Shangazi. Inavuja oili nyuma ya injini. Nibadilishe sili, ile pete ya mpira inayokumbatia krenki, mhimili unaozungushwa na injini. Isipovuja hadi Jumamosi, mimi fundi. Ikivuja, narudi kuosha vyuma, na nafasi anapewa binti yake, Miwani. Miwani! Mtu anayesoma maandishi ya kwenye kopo la grisi!

Jumanne, 4 Machi
Giaboksi chini. Klachi chini. Mgongo kwisha. Mjomba kaagiza: toboa sili kitundu, penyeza skrubu, vuta taratibu kwa koleo. Kisha safisha, pitisha ukucha kuzunguka chuma. Ukucha ukikwama popote, niite. Miwani akauliza kama anishikie taa. Nikamwambia akashike adabu.

Skrubu za nini? Nimetumia bisibisi. Dakika mbili, sili nje! Ilisema krrr kidogo. Sili kuukuu husema.

Jumatano, 5 Machi
Usiku kucha nimesikia sauti ileile. Krrr. Nimefuta chuma kwa kitambaa na petroli hadi nikaona sura yangu (nzuri). Kufika kwenye ukucha, balaa: sina! Tangu jana nimezitafuna zote kumi. Nikapitisha ncha ya kidole. Laini kama shavu la mtoto. Miwani akasema anaweza kuniazima ukucha mmoja. Nikamjibu hapa gereji, si saluni. Mjomba akauliza kama nimepitisha. Nikasema mara mbili. Mikono mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefunga kila kitu, nimewasha, nimetandika katoni chini ya injini. Nimeichungulia mara tisa kabla ya saa nne. Kavu! Shangazi kapita, kaniita fundi mbele za watu. Nikaenda kuchungulia katoni mara ya kumi.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tano, tone. Nikageuza katoni. Saa sita, tone. Nikabadilisha katoni. Saa saba Mjomba kafika. Nikamweleza kwamba injini ikifanya kazi sana hutoka jasho. Hakubisha. Kasema tu: mpwa wangu, hebu nione mikono.

Jumamosi, 8 Machi
Giaboksi chini tena. Shangazi kasambaza mikate kwa mkokoteni, akaniambia, mwanangu, si ungesema tu. Afadhali angenichapa. Miwani kapitisha ukucha: tak! Mkwaruzo. Akaingiza sili mpya ndani kidogo zaidi, mdomo wa sili ukalie chuma kisicho na mkwaruzo. Kavu hadi jioni. Fundi ni yeye. Mimi na beseni la mafuta ya taa.

Haya, naandika hapa tu. Ile krrr niliisikia, na palepale nikajua ni bisibisi yangu imekwaruza krenki. Kabla ya ukucha, kabla ya katoni. Nilijua, nikanyamaza.

Jumatatu linakuja lori, ugonjwa uleule. Kesho gereji imefungwa. Nitapata nafasi ya kuinoa bisibisi; safari hii haitasema krrr.