Miguu Kumi ya Silvano

Sogeeni, enyi watu wa Kitangari, nanyi wa Makote mlio njiani simameni, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Maana itasimuliwa leo habari ya Silvano, bingwa wa tezo, mtesi wa mpingo, na vita alivyopigana kwa ajili ya ndege asiyepata kumwona.

Ulikuwa mwaka ule mitumba ilipoanza kumiminika Newala. Mkewe Josephina alinunua koti, na mfukoni mkatoka ukurasa wa kalenda ya ng'ambo: ndege amesimama juu ya jani la yungiyungi bila kuzama, mwili mweusi, mgongo wa hudhurungi, mdomo wa manjano, usoni nyama nyekundu, na vidole, jamani, virefu kama njiti za fagio! Silvano akahesabu miguu. Kumi. Hakushtuka hata kidogo. Babu yake alichonga mashetani wenye mikono saba, na wazungu wakanunua.

Siku tisa tezo ikanguruma akimchonga ndege yule. Vidole vya mpingo vikavunjika, akatukana, akaanza upya. Josephina, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, akamsihi: "Baba Huruma, nishikie japo mmoja nikateke maji."

Naye akajibu kama sultani: "Mama Huruma, tangu lini dume akalea? Niache na vita vyangu!"

Ndipo akaja Petro, mchongaji mwenzie na hasimu wake, akacheka hadi akakaa chini. "Ewe Silvano! Huyo si ndege, ni jongoo mwenye mabawa!"

Silvano akainua tezo mbele ya watu, ingawa hakuwa na kazi nyingine duniani. "Nimechonga nilichokiona! Nikiwa mwongo, tezo hii naitupa chooni, na mpingo sishiki tena milele!"

Akaitwa Mwalimu Lois wa Lulindi, ajuaye lugha ya ng'ambo. Akavaa miwani, akasoma maandishi chini ya picha: "Ndege huyu ni wa Amerika Kusini. Jike hutaga mayai manne, kisha huenda zake kwa dume mwingine. Dume ndiye hulalia, ndiye hulea. Ikija hatari huwabana makinda chini ya mabawa, miguu yao ikaning'inia nje."

"Miwili yake, minane ya makinda," Petro akanong'ona. "Lo! Nimeshindwa."

Vigelegele vikapaa! Silvano akatanua mikono kupokea shangwe. Josephina hakukawia: akambandika pacha huyu kwapa la kulia, yule kwapa la kushoto, akabeba ndoo, huyoo, bombani.

Basi na iandikwe, isomwe hadi Masasi: siku ile, mbele ya mashahidi, Silvano bingwa wa tezo alisimama imara, miguu sita, wala hakudondosha mtoto hata mmoja.