Mimi Mtu Mzuri, Uliza Ploti Nzima

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Mpenzi wangu Nasike kaniletea habari ya kunikosesha usingizi. Mjomba wake, Mzee Opicho, anakuja kesho kutwa hapa mtaani Baba Dogo, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, kuuliza majirani mimi ni mtu wa aina gani. Ndiyo desturi yetu: kabla ya mahari, upelelezi. Mzee akikataa, Nasike anaolewa na mwalimu fulani wa Kimilili. Mama yangu! Mwalimu mwenyewe simjui, lakini ni mtu mbaya.

Jumanne, 9 Agosti

Nimepata dawa! Kiwandani tunapewa sabuni za miche zilizovunjika. Nimegawa vipande, milango saba. Sharti moja tu: mzee akiuliza, jibu ni "Ni mtu mzuri." Basi. Wasiongeze neno. Matheka wa mlango wa kwanza eti ananiambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia apokee sabuni anyamaze. Mama Ayuma wa mlango wa mwisho sikumpa. Tumenuniana tangu Pasaka kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Mtu mbaya kabisa, yule mama.

Jumatano, 10 Agosti

Mzee kafika, kofia kichwani, mwavuli mkononi. Mimi nyuma ya pazia. Mlango wa kwanza: ni mtu mzuri. Wa pili: ni mtu mzuri. Wa tatu vilevile! Nusura nicheze. Kumbe uso wa mzee unazidi kukunjamana. Akaniita. Akasema ameuliza watu saba, amejibiwa na mmoja. Mzuri kwa lipi? Hata ng'ombe sokoni huelezwa zaidi ya hivyo. Halafu, balaa gani hii, akaenda kubisha kwa Mama Ayuma! Nimekwisha.

Alhamisi, 11 Agosti

Nasike kanisimulia yote. Mama Ayuma alisema nasukuma watu kwenye foleni ya bomba. Sisalimii mtu asubuhi. Napenda sifa. Kisha akasema Ayuma aliposhikwa na degedege nilimbeba mgongoni hadi zahanati, nikinung'unika njia nzima kuhusu shati langu jipya, na sikutoka pale hadi mtoto alipofungua macho. Mzee alicheka hadi akavua kofia. Akasema sasa amemwona mtu. Jumamosi niende mtaa wa Mowlem tupange siku ya mahari!

Mama Ayuma! Mtu mzuri ajabu! Nimempelekea mche mzima.

Jumamosi, 13 Agosti

Mowlem, kwa mama mdogo wa Nasike. Tai shingoni. Kuku, chapati, chai. Mambo shwari. Mzee akasema limebaki swali moja dogo tu: miaka miwili niko na Nasike, je, yeye ni mtu wa aina gani?

Swali rahisi! Nikajibu ni mtu mzuri.

Mzee akauliza, mzuri vipi? Nasike akaacha kumimina chai, akanitazama.

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikasema: mzuri sana.

Siku ya mahari haikupangwa. Nasike hakunisindikiza hata hadi mlangoni. Nimerudi kwa miguu. Nilikosea wapi? Nimewaza njia nzima, na sasa nimejua shida iko wapi.

Yule mzee ni mtu mbaya.