Fundi Lifti Asiyeruhusiwa Kugusa Lifti

Idara ya Ukaazi wa Kudumu ilitangaza, kwa furaha kubwa na gundi nyingi ukutani, utaratibu mpya: mgeni anayeomba ukaazi kwa njia ya ajira athibitishe kwamba hakuna mwananchi awezaye kazi yake. Uthibitisho ukiendelea, mwombaji asiiguse kazi hiyo hata kwa kidole, asije akaharibu ushahidi. Utaratibu ulisifiwa na wote wasiouhitaji.

Fundi lifti wa jengo hilohilo la Idara aliomba miaka sita iliyopita. Kibali chake cha muda kilikuwa kinaisha Ijumaa, na nyumbani mkewe alishapakia masufuria kwenye masanduku. Roho ilimuuma, maana binti yao alizaliwa mji huu na hakuujua mwingine.

Alhamisi akaitwa ghorofa ya tisa.

"Mwananchi mwenye uwezo amepatikana," Mkurugenzi alisema. "Ni mimi."

"Wewe, mzee?"

"Lifti ni vitufe tu, bwana. Nimebonyeza miaka ishirini."

Mkurugenzi akaingia kwenye lifti na faili la fundi kwapani na muhuri mfukoni, muhuri asiouacha hata akienda msalani, akabonyeza. Sasa lifti ile ilikuwa na kiburi chake. Ikifika kati ya ghorofa ya tano na ya nne husimama, mpaka fundi aigonge kwa spana mahali anapopajua yeye peke yake. Ikasimama.

Fundi akateremka ngazi, spana mkononi, karani wa Idara nyuma yake.

"Fundi! Fungua!"

"Natamani, mzee. Lakini tangazo linanikataza. Halafu kazi ishapata mwenyewe, yuko humo ndani."

Ndani faili likafunguliwa. Kisha muhuri ukalia, pu! Karatasi ikachomoza kwenye upenyo wa mlango. Karani akaisoma kwa sauti: "Ukaazi wa kudumu umekubaliwa. Hakuna mwananchi awezaye kazi hii. Nimejaribu mwenyewe."

Fundi akampigia mkewe. "Mke wangu, toa masufuria!"

"Na mimi je?" ikauliza sauti kutoka ndani ya lifti.

Fundi alishainua spana. Karani, mtumishi mtiifu wa utaratibu, akamshika mkono kwa upole, akachomeka kikaratasi kwenye upenyo uleule.

"Ombi lako limepokelewa, mzee. Kwenye foleni wewe ni namba mia mbili na sita. Tafadhali usiwasumbue watumishi kwa maswali."