Mbuzi Mmoja, Wakwe Wawili

Mtu mwenye akili zake akikuta wakwe wanagombana, huaga akaenda zake. Fanueli aliomba kiti.

Alikuwa ameingia katika duka la Jashoda, pale Miyomboni mjini Iringa, kujaribu kukopa kopo la glukosi. Jashoda alikuwa mjane wa Kihindu, mzaliwa wa hapo hapo, muuza vifaa vya keki, mwanamke aliyeweza kukunyima mkopo kwa Kigujarati, kwa Kiswahili na kwa Kihehe, na kote ukamwelewa. Ng'ambo ya kaunta alisimama Mzee Eliezeri, mkulima wa miti na mzee wa kanisa la Kilutheri, ndani ya koti zito lisilovuliwa Juni wala Desemba. Sunny, mtoto wa Jashoda, alikuwa anamwoa Frida, binti wa mzee. Vijana wenyewe walishaelewana zamani. Tatizo lilikuwa mbuzi.

“Mama Sunny, harusi bila ndafu ni kikao cha kamati,” alisema mzee. “Mbuzi mzima awe mezani, amepiga magoti, majani mdomoni, watu wamwone. Ndugu zangu wanatoka mpaka Mufindi. Watasema Eliezeri kamtoa binti yake kwa dengu.”

“Na ndugu zangu wakiona mnyama mzima kachomwa mezani, watatoka kabla ya sala,” alijibu Jashoda. “Ukumbi nalipia mimi, baba. Nyama haiingii.”

“Basi.”

“Basi.”

Mzee alivaa kofia yake akatoka bila kuaga, na Jashoda akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi tayari. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mtu mwingine angeona huzuni ya familia mbili. Fanueli aliona fremu.

Fremu yenyewe, chumba cha duka cha kupanga, ilikuwa Uyole, Mbeya, kando ya barabara kuu, ina vioo mbele na nafasi ya kiti cha kuzunguka. Fanueli alikuwa anakitaka kiti hicho kwa moyo wote. Miaka yake yote ya ujanja alikuwa ameifanya kwa kusimama, na magoti yalishaanza kumuuma. Mwenye fremu alikuwa amemwambia alete kodi kabla ya mwezi kuisha, la sivyo anampa muuza makava ya simu.

Kadi zake zilisema “Chef Fanueli, Mtaalamu wa Kimataifa wa Keki”. Umataifa aliupata siku aliyovuka mpaka pale Tunduma kununua sukari. Ufundi aliupata kwenye simu, kwa bando la kuomba. Lakini haki yake tumpe, hata sisi tunaochoma chapati moja upande mmoja: kijana alikuwa na mikono. Kuna chokoleti ya kufinyanga, inayoyeyushwa, ikachanganywa na glukosi, ikaachwa ilale, kisha ikakandwa kama unga. Mikono ya moto huiharibu, inatoa mafuta. Mikono ya Fanueli ilikuwa baridi kama ya mtu asiyelipa madeni, na chochote alichokigusa kiligeuka kuwa kiatu, biblia au trekta, kutegemea nani analipa.

“Mama,” alisema, “wakwe wanataka mbuzi. Wape mbuzi. Ila asiwe mbuzi.”

Akamwonyesha kwenye simu keki ya kiatu aliyomfanyia fundi viatu mmoja wa Uyole. Jashoda aliitazama, akaivuta picha iwe kubwa, akatafuta mahali pa kukosoa asipaone.

“Mbuzi wa keki,” alisema taratibu. “Chokoleti juu. Wenyewe wanamwona ndafu, sisi tunakula keki.”

“Kila mtu na macho yake, mama.”

“Bila mayai.”

“Bila mayai.”

“Maziwa ya mgando nakuletea mwenyewe. Nitasimama hapo hapo jikoni nikikuona unachanganya.”

Fanueli alishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akapokea bahasha nyekundu yenye kitone cha manjano, na glukosi juu. Mtu wa kawaida angeridhika hapo, akafanya kazi yake, akalala. Lakini Fanueli alishapiga hesabu yake: bahasha moja ilikuwa nusu ya fremu. Kiti cha kuzunguka hakizunguki kwenye nusu fremu.

Alimkuta Mzee Eliezeri kibandani, anakunywa chai ya tangawizi kwa hasira.

“Kamwene, mzee.”

“Kamwene, mwanangu. Kama umetumwa na Mama Sunny, rudi.”

“Sijatumwa na mtu. Nimekuja kukuokoa.” Fanueli aliketi, akasogeza kikombe cha mzee kidogo kama daktari anayesogeza chombo. “Mbuzi wako ataingia ukumbini. Wa kweli, wa kuchomwa. Mimi nitamfunika kwa chokoleti kuanzia shingo hadi mkia. Mama Sunny nitamwambia ni keki.”

“Na akila?”

“Atalishwa kichwa. Kichwa peke yake ndicho keki, hakina nyama hata chembe, dini ya mtu hatuichezei. Nyie mtakula kuanzia mabega kurudi nyuma.”

Mzee wa kanisa alitazama paa la kibanda kwa muda, kuona kama kuna anayesikiliza juu yake.

“Huo si uongo?”

“Mzee, huyo ni mbuzi aliyevaa koti. Wewe umevaa koti. Umekuwa mwongo?”

Mzee Eliezeri alijitazama kifuani, akakubali kwamba hakuwa mwongo. Kesho yake alileta bahasha ya kaki, na mbuzi dume hai, mnene, mwenye pembe zilizosimama. Kufikia mchana mbuzi huyo alikuwa kwa wachoma nyama wa Ipogolo, na thamani yake ilikuwa mfukoni mwa Fanueli. Msomaji mwenye huruma asihuzunike. Mbuzi alikuwa na hatima hiyo hiyo, alibadilisha meza tu.

Ujanja wenyewe ulikuwa mtamu kwa sababu haukuwa na mlalamikaji. Jashoda angepata alicholipia. Mzee angeuma keki, lakini angesema nini? Kwamba alitaka kuingiza nyama kwa siri kwenye ukumbi wa mkwe wake? Fanueli alijisifu mpaka akapaliwa. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mwoga, alikata tiketi ya basi la jioni la Mbeya, aondoke kabla kisu hakijagusa mnyama.

Ijumaa alikanda. Baridi ya Iringa iliifanya chokoleti iwe ngumu kama jiwe, akawa anaipasha mapajani, kisha anaisukuma kama chapati na kuivika juu ya mwili wa keki. Jashoda alisimama na maziwa yake ya mgando mpaka aliporidhika. Fanueli akafinyanga mbavu, magoti yaliyokunjwa, masikio. Akapaka kakao pale ambapo moto ungeunguza, akang'arisha mgongo kwa mafuta, akamtia kotimiri mdomoni.

“Mbona ananitazama?” aliuliza Jashoda.

“Anakuheshimu, mama.”

Mzee alifika baadaye, Jashoda akiwa amekwenda zake. Alimzunguka mbuzi, akainama, akavuta pumzi.

“Mbona hanukii?”

“Ndiyo kazi ya chokoleti, mzee. Inafunga harufu.”

“Kweli mmesoma,” alisema mzee, na kwa sekunde mbili Fanueli aliona aibu. Ilipita.

Jumamosi jioni mbuzi aliingizwa ukumbini kwenye sinia, muziki ukipigwa. Upande wa Mzee Eliezeri ulisimama wote. Shangazi mmoja alisema “Yesu wangu!” na mwingine akapiga kigelegele kilichomfikia Fanueli mlangoni, alikokuwa ameshika begi lake. Upande wa Jashoda, ulioambiwa siri, ulitabasamu na kupiga picha. Mtoto alilia akitaka mbuzi afunguliwe.

Hapa ndipo palipomponza. Basi lilikuwa linangoja, fremu ilikuwa inangoja, lakini hakuna mtu aliyewahi kumpigia Fanueli vigelegele. Watu waliomfahamu walizoea kumpigia simu asiyoipokea. Alisimama asikie kimoja kingine. Kimoja tu, alijiambia, halafu nile kona. Akasikiliza saba.

“Na sasa,” aliunguruma Shedrack, mshereheshaji, “tunamwomba fundi mwenyewe apite mbele atuelezee keki, na atusaidie kukata! Yuko wapi? Yule pale mlangoni, mwenye begi! Mpigieni makofi!”

Wanawake wawili walimshika mikono wakacheza naye mpaka mbele. Begi lilichukuliwa na mtu mkarimu. Fanueli alieleza keki kwa sauti ambayo hakuitambua, akitumia maneno kama “upendo” na “mshikamano”. Frida alimlisha Sunny sikio. Sunny alimlisha Frida sikio la pili. Jashoda alipewa shavu, akala, akafumba macho kwa raha.

“Na sasa baba wa bibi harusi!” alisema Shedrack. “Mzee, unapenda wapi?”

“Paja,” alisema Mzee Eliezeri, na akameza mate.

Fanueli alikata paja. Kisu kiliingia kwa ulaini ambao hakuna paja la mbuzi duniani linao. Alimkabidhi mzee kipande kwa mikono miwili, kwa heshima, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

Mzee aliuma. Meno yaliyojiandaa kwa nyama tangu Jumatano yalifunga kwenye keki laini ya maziwa ya mgando. Aliacha kutafuna. Alimtazama Fanueli. Akaanza tena kutafuna, polepole, akaendelea kutafuna muda mrefu kuliko keki yoyote inavyohitaji, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.

“Baba Frida,” aliuliza Jashoda, “vipi?”

Mzee alimtazama mkwe wake aliyekuwa anatabasamu, akamtazama binti yake aliyekuwa hajatabasamu hivyo tangu posa, akawatazama ndugu waliotoka Mufindi.

“Mtamu,” alisema.

Fanueli alishusha pumzi iliyokaa ndani tangu mlangoni. Alikuwa ameshinda! Alianza kurudi nyuma kwa hatua ndogo, akitafuta begi kwa macho.

“Naomba kipaza sauti,” alisema mzee.

Akapewa. Mzee wa kanisa akipewa kipaza sauti, watu hujiweka sawa vitini.

“Ndugu zangu wakwe, mimi nimeishi siku nyingi, sijawahi kuona kijana kama huyu. Mnajua alichoniambia? Kaniambia, Mzee Eliezeri, mimi fedha zote nilizolipwa kwa kazi hii nawatunza maharusi. Kaniomba nisiseme. Nimeshindwa kunyamaza, Mungu anisamehe.”

Ukumbi ulilipuka. Muziki ulianza wenyewe, au labda Shedrack aliuanzisha. Fanueli alijikuta katikati ya mstari wa wacheza kwaito, na mzee akicheza kando yake, mkono umemshika bega kwa upendo wa koleo.

“Mzee,” alinong'ona Fanueli, akiyumba kulia, “hii si haki.”

“Basi waambie.” Mzee aliyumba kushoto. “Kipaza sauti hiki hapa. Wewe sema langu, mimi niseme lako.”

Walizunguka meza nzima wakicheza. Mbele ya maharusi kulikuwa na kapu la zawadi. Fanueli alitia mkono mfukoni kwa uchungu ambao macho ya wageni yaliusoma kama unyenyekevu, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka.

Jashoda alikunja uso. “Mbona bahasha yangu ilikuwa nyekundu?”

“Kumbe ziko mbili!” alipiga kelele Shedrack kwenye kipaza sauti. “Kijana kalipwa mara mbili, na zote anatoa! Vigelegele jamani!”

Bahasha nyekundu ilifuata. Jashoda alimgeukia mzee taratibu.

“Baba Frida, wewe ulilipia nini?”

“Nilichangia pembe,” alisema mzee.

Jashoda alizitazama pembe, akamtazama mzee, akalitazama lile paja lililobaki mkononi mwa mzee. Mwanamke huyo hakuwa mjinga, na mimi nasema alielewa yote papo hapo. Kisha akamtazama Sunny, aliyekuwa anamfuta Frida chokoleti kidevuni, akaamua kutokuelewa.

“Zimependeza,” alisema. “Kula, baba.”

“Nilisahau,” alisema mzee kwenye kipaza sauti, mdomo umejaa. “Fundi ataleta pia mbuzi hai kwa maharusi, dume, kabla ya Jumapili ijayo.”

Basi la Mbeya liliondoka likiwa na kiti kimoja kitupu. Fanueli aliketi meza ya nyuma na kipande cha mbavu, akakila kwa kuwa hela pekee iliyobaki mfukoni ilikuwa ya kununua mbuzi. Ilimuuma kwamba ni kitamu. Ametembea nchi hii akiwauzia watu mbuzi kwenye gunia, na siku aliyouza keki nzuri kuliko zote ndiyo siku aliyoitoa bure. Alijicheka, halafu macho yakamlenga machozi, halafu akajicheka tena kwa kulia mbele ya keki.

Hata hivyo fedha si kitu. Fedha mjanja huzitafuta nyingine. Kilichomtisha ni foleni. Walianza kumfuata mmoja mmoja, wakimpa mkono wa heshima kwa kushika kiwiko. Mama mmoja wa Ubaruku alitaka keki ya gunia la mchele kwa ajili ya ubatizo wa wajukuu. Alisema hakuwa na uwezo, ila alikuwa amesikia roho yake. Mchungaji alitaka kitu cha sikukuu ya mavuno. Wote walimwita “baba”, wote walimtazama machoni bila shaka hata kidogo, na Fanueli hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu ambaye hakuwa anamtapeli.

Mzee Eliezeri alikuja kuketi karibu naye, akafungua kifungo cha koti.

“Nimewaeleza usharika mzima habari zako,” alisema. “Na binamu zangu wa Njombe na Makambako. Wana makwaya mengi kule.”

“Mzee, utaniua.”

“Hapana, mwanangu. Nitakusifu.”

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshafika, amesimama na kofia mkononi. Alikuwa anaomba keki ya kinanda, chenye vibonye vyote, kwa jubilei ya kwaya. Bajeti, alisema kwa aibu, hawana.

Fanueli alifungua mdomo kutaja bei. Alimtazama mwalimu, akawatazama watu waliokuwa nyuma yake, wote wakitabasamu, wote wakimwamini.

“Mnaitaka lini?” alisema.